Presha na Kivuli

Gaudensia, muuza nyanya, alijifanya kusinzia tangu treni ilipoondoka Tura, kumbe masikio kayatega kwa jirani zake: mtafiti wa chuo kikuu aliyepakata kompyuta, na Mzee Anakleti, mwalimu wa kwaya.

“Hesabu hazidanganyi, mzee,” mtafiti alisema. “Mliimba, presha zikashuka.”

“Ulitusimamisha juani asubuhi nzima, ukatupima. Tukaingia kanisani kuimba, ukatupima tena. Kivuli je, kompyuta yako haikukiona?”

Gaudensia alibana kicheko. Hata nyanya zake zilikijua kivuli, wala hazikusoma.

“Utafiti bado unaendelea, mzee.”

“Na kwa utafiti wako huo, zahanati wanamwambia mke wangu aimbe. Vidonge hawampi tena.”

Treni ikasimama Tabora. Mtafiti akainuka, jasho likimchuruzika.

“Imba, mwanangu,” mzee akamwambia. “Litakauka.”