Mtamba wa Kongo

Siku ya mnada Katesh huwa na kelele, lakini benchi la Gaudensia, muuza kahawa, lilikuwa na kelele zake lenyewe. Mzee Sulle alikaa katikati, simu imelala gotini kama mgonjwa. Mwanawe Yonas, askari aliyepelekwa Kongo kuwasaidia wenyeji vitani, alikuwa amepiga asubuhi: anataka kumwoa Mapendo, binti wa mzee anayekaa jirani na kambi. Kikosi kinarudi juma lijalo, na neno la baba linatakiwa leo. Tatizo ni ng'ombe. Mzee yule alishamkabidhi Yonas mtamba amtunzie, na kwa wafugaji wa kwao Sulle, aliyewekewa ng'ombe huwa ndugu wa nyumba ile. Ndugu haoi dada yake.

— Hapo hamna ndoa, alisema Patriki, aliyeitwa Wakili kwa kuwa ameshitakiwa mara nyingi. Maziwa mazito kuliko damu.

— Ni damu nzito kuliko maji, Wakili.

— Maji umeyakamulia wapi wewe?

Aliyemsahihisha ni Evarist, aliyeitwa Jenerali kwa kuwa aliwahi kulinda ghala la mahindi kwa rungu.

— Tazameni kijeshi, alisema. Yonas alipokea akiwa na sare. Sare ni ya serikali. Kwa hiyo aliyepokea ni jeshi zima!

— Mungu wangu! Wakili alidakia. Mapendo ni dada wa jeshi zima?

— Pamoja na mgambo.

— Na meja naye kaka yake?

— Meja ni mjomba. Cheo kikubwa kile.

— Adui akimpiga risasi mtamba je?

— Ameivamia Hanang yetu!

— Ndiyo maana wakasema, wapiganapo tembo nyasi huumia. Sasa huyo mtamba atakula nini?

Sulle hakucheka. Tangu avae sare, Yonas hakuwahi kumwomba kitu. Leo ameomba kimoja, nacho kimekwama kwenye kwato.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, nesi.

Alikuwa Kissa, nesi kutoka Mbeya, mgeni wa mwezi mmoja. Gaudensia alimpa kikombe na habari yote.

— Samahani, mimi wa kuja, alisema Kissa. Huku mtu humweka ng'ombe kwa mtu wa mbali wakati gani?

— Akiona balaa linakuja, Jenerali alijibu upesi. Zizi lake likifagiliwa, angalau mmoja abaki.

— Na askari wetu wakiondoka, huyo mzee anabaki na nani?

Sulle akapiga simu.

— Yonas. Mtamba umrudishe leo, mbele ya mashahidi. Huo udugu ufe.

— Halafu, baba?

— Halafu umwombe binti. Na mzee mwenyewe, muulize kama ataiweza baridi ya huku.