Pumba za Egbert

Benchi ni langu, nimelipigilia misumari mwenyewe ili mwenye pancha apate pa kukaa nikiziba. Lakini hapa Ihanda, ukiweka benchi karibu na mashine ya kukoboa na kusaga, wanakuja wasio hata na baiskeli. Anakuja Gosbert, tunamwita Redio kwa sababu habari zote anazo na hakuna hata moja ya kweli. Anakuja Novatus, tunamwita Daktari kwa kuwa aliwahi kulazwa muda mrefu, akarudi anajua magonjwa yote. Wanatafuna kahawa yangu na kunitemea maganda miguuni. Mwaka ule wa Elinino, mvua ilipokataa kabisa kukatika, mahindi yakaota ukungu hata yale yaliyoning'inizwa juu ya moshi jikoni, walikuwa hapa kila siku. Ndipo Egbert akaja na pakti yake.

Egbert ni jirani yangu, mtu mpole, mfugaji wa kuku wa kizungu. Mayai yao ndiyo chumvi ya nyumba yake, sabuni na daftari za watoto. Siku hiyo macho yalikuwa mekundu.

— Wamekufa tena, akasema. Banda limebaki nusu. Bwana mifugo anasema ni sumu ya ukungu, iko kwenye pumba ninazowalisha. Anasema nitafute chakula kingine, na nikikosa nichanganye unga huu. Eti unaikamata sumu tumboni, inatoka na kinyesi.

Daktari akaichukua pakti, akainusa, akalamba kidole.

Daktari: Udongo.

Egbert: Ndiyo, ameniambia ni udongo wa aina yake.

Daktari: Udongo! Jamani njooni mcheke! Kuku anaparua kutwa nzima, anakula udongo bure, leo auziwe udongo kwenye pakti!

Redio: We Egbert nawe, hamnazo kabisa. Hao wameona kahawa imeshuka bei, wakasema tuwauzie wajinga wa Karagwe udongo. Kesho watatuuzia mvua.

Egbert: Sasa nifanye nini? Wakiisha hawa, sina kingine.

Daktari: Sikiliza. Ukungu hauui kuku. Sisi tangu utotoni, mama anachambua mahindi juu ya mkeka, mazuri ya watu, yaliyooza ya kuku. Uliona kuku amekufa?

Mimi: Siku hizo yaliyooza yalikuwa kiganja kimoja, Daktari. Mwaka huu ni gunia zima.

Daktari: Fundi, ziba pancha.

Nikaziba. Mtu akishalazwa hospitali, humwambii kitu.

Redio: Mimi najua kinachowaua. Ni kizungu chao. Kuku wa kizungu hajazoea umande wa huku, moyo unasimama. Nimesikia kule Bweranyange jogoo mmoja amekufa amesimama, wakadhani amelala, wakamwamsha siku mbili.

Daktari: Si umande, ni jicho baya la mtu. Nani anapita karibu na banda lako asubuhi?

Egbert: Mke wangu.

Daktari: Basi tuache hilo.

Redio: Na huo udongo ukiwapa, unajua nini kitatokea? Utaganda tumboni. Kuku atakuwa mzito kama tofali. Ndiyo janja yao! Wanunuzi wanaambiwa kuku wa Karagwe wana kilo, kumbe wamebeba udongo.

Daktari: Na mayai je? Watataga matofali. Egbert, utajenga nyumba ya ghorofa!

Wakacheka mpaka Redio akapaliwa na kahawa. Egbert hakucheka. Alikuwa anaigeuzageuza pakti mikononi, na mimi nilikasirika, nakwambia, nilitamani kuwachomolea hao wawili benchi langu makalioni.

Pale kwenye foleni ya mashine alikuwepo binti mmoja, Kemirembe, ameolewa hapa majuzi tu kutoka Nyakatuntu. Ndoo ya mahindi kichwani. Akapiga goti kidogo.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

— Samahanini, nimesikia mkiongea. Hizo pumba zilizoua kuku, baba amezitoa wapi?

Egbert: Hapa hapa mashineni. Nilikoboa mahindi yangu, pumba nikawapa kuku.

— Na unga wake aliula nani?

Daktari akaanza, "Sisi huku ni watu wa ndizi," lakini hakumaliza. Upepo wa mvua zile ulikuwa umeilaza migomba ya kijiji chote, na tangu Krismasi kila nyumba ilikuwa inakula ugali, ya Daktari pia.

Egbert: Yalioshwa. Mke wangu aliyaosha vizuri, akayaanika palipokuwa na jua kidogo. Ukungu ulitoka wote, yakawa meupe...

Nilimwona anawahesabu watoto wake kichwani. Akainuka, pakti ikaanguka matopeni asiiokote, akakimbia kupanda njia ya kwao, mtu mzima, malapa mkononi.

— Ndoo inayofuata! akapiga kelele mwenye mashine kutoka ndani.

Ilikuwa zamu ya Kemirembe. Aliishusha ndoo, akachota mahindi kiganjani, akatuonyesha. Yalikuwa yameoshwa, meupe, na kwenye kiini cha kila punje palibaki weusi kidogo.

— Mama mkwe anasubiri unga, akasema. Nisage, nisisage?

Wanaume watatu tuliojua habari za kuku wote wa wilaya tukapata shughuli ghafla: mimi nikarudi kwenye pancha, Daktari akachambua kahawa. Redio akasema, "Nadhani mvua inakuja." Binti aliendelea kusimama pale na kiganja wazi, akituangalia mmoja mmoja.