Ukurasa wa Sitini na Moja wa Babu Kuruvila

Babu yetu Kuruvila Mannarathil, tunayemzika leo Ijumaa, tarehe 30 Agosti 2024, alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 katika nyumba ya ukoo karibu na Kozhencherry. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Ittoop na Mariam. Waliomfuata wawili walikufa wachanga, kisha mwaka 1946 akazaliwa Rahel. Najua hapo wapo watakaoangaliana. Wiki tatu kabla ya kufa, Babu alitaka wasifu wake niuandike mimi, mjukuu wake Merin, akanipa sharti moja tu: "Usipunguze kitu. Mimi nimepunguza vya kutosha."

Alisoma shule ya parokia hadi darasa la saba. Masika mto ulipojaa alimbeba Rahel mgongoni kumvusha, na Rahel, akiwa huko juu, alimsomea Babu masomo ya siku hiyo ili mwalimu asimchape. Mwaka 1955 baba yao alimwachisha shule kwa sababu shamba la mpira lilihitaji mikono. Rahel aliendelea, na tangu 1958 ada yake ilitoka kwenye mshahara wa Babu.

Mwaka huo 1958 Babu aliajiriwa Kottayam katika kiwanda cha kuchapa vitabu, kazi ya kupanga herufi za madini ya risasi, moja moja, mpaka ukurasa utimie. Nilimuuliza mara nyingi kazi hiyo ilikuwaje, naye hakuchoka kueleza. Herufi zilikuwa mamia, kila moja na kijumba chake, na zote unazisoma kinyume. Ukikosea jina la mtu na kitabu kimeshachapwa, basi mtu huyo amekosewa milele, na karani atakukata mshahara wa siku mbili. Ukitaka kutoa mstari mmoja katikati, ukurasa mzima unabomoka mikononi. Herufi zilizochakaa zilitupwa ziyeyushwe. Krismasi ya 1960 Babu alirudi nyumbani na herufi chache zilizochakaa mfukoni, amezifunga kwa uzi: jina la Rahel. Rahel alikuwa na miaka kumi na minne. Alilipaka masizi ya sufuria akaligonga kila mahali, kwenye ukuta wa jikoni, kwenye mlango wa zizi, mpaka kwenye kitambaa cha meza cha mama yao, akachapwa.

Mwaka 1968 Rahel aliolewa na Chellappan, ambaye wazazi wake walikuwa vibarua kwenye mashamba yetu ya mpunga. Chellappan alikuwa Mkristo kama sisi, lakini kanisa lao lilikuwa lao na letu letu. Baba yao alikata jina la Rahel kwenye Biblia ya nyumbani kwa wembe. Rahel alihamia Ranni, kilomita kumi na moja kutoka hapa tuliposimama, na hajawahi kuvuka tena mlango wetu. Babu alifunga ndoa na Bibi Thankam tarehe 10 Mei 1969. Siku ya harusi Rahel alisimama ng'ambo ya barabara mpaka bwana na bibi harusi wakatoka kanisani. Babu alimwona. Aliniambia kwamba aliangalia viatu vyake mwenyewe.

Mwaka 1996 kiwanda kilinunua kompyuta, naye akarudishwa nyumbani. Kuanzia hapo alianza kuandika majina ya ukoo. Alizunguka makanisa akipekua daftari za ubatizo, akahoji wazee wasiosikia, akapima makaburi. Ilimchukua miaka ishirini na mitano. Kama mjuavyo, ukoo wetu hukutana Jumamosi ya pili ya kila Januari, na mwaka 2022 kamati ilikuwa inatayarisha kitabu cha historia, chenye karatasi za kung'aa, na mwanzo wake babu yetu wa kwanza, Brahmini, mtu wa tabaka la juu kabisa, akibatizwa na mtume mwenyewe, mmoja wa wale kumi na wawili. Babu aliwapelekea kazi yake. Ndani yake babu wa kwanza alikuwa mchuuzi wa pilipili manga aliyekimbia mke, na Rahel alikuwemo, ukurasa wa sitini na moja, na mumewe, na watoto wao watatu.

Mzee Pothen, binamu yake na mwenyekiti wetu, alisoma amesimama. Akamwambia mbele ya watu, "Kaka Kuruvila, tumekuomba historia ya ukoo, wewe umeleta daftari la polisi." Watu wakacheka. Babu akasema basi atachapisha mwenyewe. Mzee Pothen akamuuliza atachapisha kwa hela gani, ilhali pensheni yake haitoshi hata gundi ya jalada.

Mimi ndiye niliyemwonyesha ile njia ya mtandaoni. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Unapakia faili lako kwa kampuni moja huko Delhi, hulipi kitu, na kitabu hakichapwi mpaka mtu aagize. Akiagiza mmoja, wanachapa kimoja. Babu alinifanya nirudie mara tatu.

"Kimoja? Wanawasha mashine kwa kitabu kimoja?"

"Ndiyo, Babu."

"Na kabla ya hapo kitabu kiko wapi?"

Mpaka leo naliwaza swali lile.

Nakala ya kwanza ilifika tarehe 3 Juni 2022, mvua ikinyesha. Jina lake *Majina ya Mannarathil*, kurasa mia mbili na kumi na mbili, na jalada lenye picha ya kisima chetu. Babu alikinusa, akapitisha kidole gumba juu ya ukurasa, akalalamika kwamba herufi hazikuuma karatasi. Kisha akafungua ukurasa wa sitini na moja akakaa nacho mpaka chai ikapoa.

Ndugu waliagiza, kila mmoja kimya kimya, kutafuta ameandikwa nini. Ndipo mtu mmoja akagundua kwamba kitabu cha namna hii kinabadilika. Ukipakia faili jipya, anayeagiza kesho anapata kitabu kipya. Wakaanza kuja. Mmoja alitaka mwaka wake wa kuzaliwa usogezwe mbele miaka minne. Mwingine hakutaka isemwe kwamba alifukuzwa seminari. Watatu walimtaka Brahmini wao. Babu alikuwa mtu asiyeweza kumnyima mgeni kahawa, basi hakuweza kuwanyima na hayo. Ingekuwa risasi angewaambia ukurasa utabomoka. Hapa palihitajika kidole changu tu. Kufikia katikati ya 2023 tulikuwa toleo la nane, kurasa mia na arobaini. Kila ukurasa wa kabla ya sitini na moja ulipotoka alitafuta picha ya kujazia, ili namba ya Rahel isisogee. Hakuna aliyethubutu kumgusa Rahel, na Babu alimwandikia barua mwezi Agosti, ya kwanza tangu 1968: "Uko ukurasa wa 61. Agiza, uone mwenyewe."

Septemba ikaja posa ya dada yangu Jincy, kutoka kwa watu wa Thiruvalla. Mzee Pothen alikuja kula kwetu, mhogo na samaki. Alisema watu wa Thiruvalla ni watu wa kuchunguza, lazima wataagiza kile kitabu, na wakifika ukurasa wa sitini na moja wataweka kikombe chini na kuondoka. Babu aliendelea kuchambua miba. Bibi Thankam ndiye aliyemgeukia Babu akasema.

"Baba Binoy, Jincy ana miaka ishirini na sita. Rahel ana sabini na saba. Kati yao, nani bado ana cha kupoteza?"

Jincy alikuwa mlangoni na sahani. Tulipomaliza kula Babu akaniita nilete kompyuta. "Toa," akasema. "Kwa muda tu. Harusi ikiisha tunarudisha." Ilikuwa Jumanne, tarehe 12 Septemba 2023. Mimi ndiye niliyebonyeza. Pale alipokuwa Rahel tuliweka picha ya kisima, maana Babu hakupenda ukurasa mtupu.

Rahel alikuwa ameagiza tarehe 11. Walichapa tarehe 14.

Alipiga simu tarehe 20. Nilimshikia Babu simu kwa sauti kubwa kwa sababu masikio yake yalishachoka.

"Kaka, ukurasa wa sitini na moja nimeupata," alisema. "Kisima kimetoka vizuri."

"Rahel, ni kwa muda."

"Miaka hamsini na mitano nayo ilikuwa kwa muda?"

Rahel akasubiri jibu, muungwana kabisa, kisha akamtakia afya njema akakata. Tarehe 4 Oktoba ikaja bahasha. Ndani hamkuwa na barua, ila zile herufi za risasi, uzi wake ukiwa umebadilishwa mara nyingi. Babu akazitia kwenye mfuko wa shati.

Alipata kiharusi tarehe 9 Novemba 2023, upande wa kulia. Harusi ilifanyika tarehe 8 Januari 2024, naye aliletwa kwa kiti cha magurudumu, akapigwa picha. Siku ya pili yake aliniambia, kwa ulimi ule mzito, turudishe ukurasa. Bibi akasema tungoje Jincy ashike mimba. Jincy akashika mimba, ikasemwa tungoje ajifungue. Babu aliuliza kila Jumapili, kisha akawa haulizi. Alifariki Jumanne tarehe 27 Agosti 2024, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka themanini na mitatu.

Jana nilifungua hesabu ya mauzo kwenye mtandao, nijue watu wa Thiruvalla waliagiza lini. Hawakuagiza. Nilimuuliza shemeji, akashangaa. Nyumbani kwao hakuna anayesoma vitabu. Tangu tulipomtoa Rahel imechapwa nakala moja tu. Kitabu kisicho na Rahel kipo kimoja duniani, na anacho Rahel.

Zile herufi zimo jenezani, kwenye mfuko wa shati. Mzee Pothen aliuliza kama ni lazima. Baba yangu akamjibu asihofu, huko chini hakuna wa kusoma.

Marehemu ameacha mjane, Thankam, mwana, Binoy, binti, Susy, aliyeko Kuwait, wajukuu wawili, Jincy na Merin, na kitukuu anayetarajiwa mwezi Novemba. Pia ameacha dada mmoja, Rahel Chellappan wa Ranni, miaka sabini na minane. Nilimpigia jana kumpa habari. Aliuliza kama jina lake limo kwenye wasifu au litawekwa baadaye. Nikamwambia karatasi hizi zinachapwa mjini kesho asubuhi, nakala mia tatu kwa mkupuo, na zikishafungwa hakuna anayeweza kutoa kitu.

"Mimi siji," akasema. "Nitumie moja kwa posta. Nitaangalia."

Mungu ampe Babu yetu usingizi ambao hakuupata tangu ile simu.