Nyumba ya Magunia ya Pantaleo Zihindula

Wasikilizaji wapendwa, leo nyimbo zitangoja. Ni mimi Jemutai, nazungumza nanyi kutoka Clintonville hapa Columbus, na nina uchungu. Pantaleo Zihindula ametutoka. Amefariki Buffalo, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka sitini na mmoja.

Ninyi wa Louisville mnamjua. Aliishi huko, mtaa wa Beechmont, akifanya kazi ghalani. Kwa miaka sita familia ilihama mara nne, maana kila jengo likiuzwa wapangaji hutolewa. Mara nne! Mkewe, mama Laurentine, akachoka. Akamwambia, "Baba Grâce, miye sitafunga tena mizigo. Donc, unitafutie nyumba yenye mutu hatanitosha." Yaani, nyumba ambayo hakuna wa kumtoa.

Basi wakahamia Buffalo, wakapanga kwa muda. Akapata kiwanja nje ya mji, akaanza kujenga kwa magunia ya udongo. Ndiyo, magunia! Unajaza udongo, unapanga, unashindilia, unatandika seng'enge ili safu ya juu isiteleze, unapanga tena. Watu wetu wa Grant Street, kule Buffalo mjini, walimcheka sana. Hata mimi nilimcheka, tena hewani. Mungu anisamehe.

Na kweli alikosea. Alichimba msingi wa kufika magotini, kama kwao Walungu, kule Kongo. Lakini Walungu ardhi haigandi. Buffalo inaganda, wapendwa, na ikiganda inavimba. Januari ukuta ukainuka, mlango ukagoma kufunga. Laurentine alikuja, akausukuma, akarudi kwenye gari.

Mwingine angeacha. Zihindula alibomoa yote. Yote, nasema. Akachimba upya, msingi wa kufika kifuani, akaujaza kokoto ili maji yasituame. Kwa nje akaongeza ukuta wa pili, magunia ya mawe mepesi ya volkano, yale yenye matundu kama ya Goma, kuzuia baridi. Binti yake Grâce aliniambia: "Papa anatoka shift asubuhi, anaenda kushindilia. Namwambia, Papa, pumzika. Anasema, bon, nitapumzika siku mama yako ataingia."

Laurentine alikuwa amesema hataingia mpaka nyumba ivuke majira mazima ya baridi. Februari hii, kabla hayajaisha, mumewe akafa.

Kanisa lilitoa ukumbi kwa ajili ya matanga. Laurentine akakataa katakata. "Matanga itakuwa mu nyumba yake." Nikasafiri. Theluji ilikuwa imefika madirishani. Ndani tulikuwa watu arobaini na stovu moja ndogo ya kuni. Haikupita saa moja, sote tulikuwa tumevua makoti. Mimi nilivua langu nikalia.

Mama Laurentine, Grâce, poleni sana, poleni mno. Nanyi wasikilizaji wapendwa, hebu kila mmoja amfikirie mtu ambaye yeye anamcheka leo kwa sababu tu hajamaliza kazi yake.

Nimalizie na hili. Wageni walipoanza kuondoka, Grâce alimletea mama yake koti, akamwambia gari liko tayari, warudi kwenye nyumba ya kupanga. Laurentine alimtazama akishangaa.

"Niende wapi?" akasema. "Miye niko kwangu."