Amina kwa Bipu

Kwenye basi la Mwika, bibi mmoja alimlalamikia binti aliyekaa naye kwamba kupiga simu ya mezani kumepanda bei tena, na kila Jumapili yeye husali kwa simu na mwanawe aliye Mwanza.

"Fupisheni sala, bibi." "Nimruke nani? Mjukuu anayeumwa, au ng'ombe anayetaka kuzaa?"

"Basi nunua simu ya mkononi, umbipu alfajiri. Ikilia mara moja, kata. Apige magoti kwake, nawe kwako. Bure!"

Kwenye kiti cha nyuma yao, nilifunga daftari langu la masomo ya jioni nisikie vizuri.

"Na amina yake nitaisikiaje?" "Atakubipu." "Akibipu nikiwa bado naomba?"

Gari likasimama. Bibi akashuka. Mimi ninayesali kila siku nikafungua daftari, nikaliandika swali lake.