Kiapo Nilichokula kwa Ajili ya Mpira

Ndugu zangu, nasimama mbele yenu nikiwa hai, na sifa ni za Bwana. Mwaka wa 1949, nikiwa na miaka thelathini na mmoja, ndipo taabu yangu ilipoanza. Nilisoma madarasa mawili tu, kwa hivyo nitasema wazi.

Timu ya soko la Kanyangi ilikuwa yangu. Mpira wa ngozi niliuleta mimi nikitoka jeshini. Uwanja nilifyeka mimi, mistari nikachora kwa majivu ya jikoni kwangu. Nani acheze, nani akae, niliamua mimi. Hakuna aliyeniuliza neno.

Kisha shule ya misheni ikapata mwalimu mpya, Musyoka. Alitengeneza uwanja mkubwa, akasema vijana wa soko na wa shule wawe timu moja, chini ya kamati. Uwanja alikuwa nao, mpira hana. Vijana wangu wakaanza kunong'ona. Wiki hiyo tulivuka mto Athi kwenda Kalamba, tukafungwa mabao manne bila jibu. Njiani golikipa wetu, Kilonzo, akasema nikisikia, "Meneja wetu anajua kufyeka. Mpira hajui." Wakacheka mpaka mtoni.

Ndugu zangu, sikuvumilia. Kesho yake niliwakusanya, nikamwita mzee mwenye kithitu. Wazee wenzangu mnakijua, kile chombo cha kuapia cha Wakamba: ukikiapia, kisha uvunje neno lako, kinakuua. Nilikipiga kwa kijiti mara saba, nikasema, "Nikimwachia mtu mwingine mpira huu, kithitu kinile kabla ya misimu miwili ya mvua kupita." Nilitaka waogope wao. Aliyekuja kuogopa ni mimi.

Maana hawakukaa. Mmoja mmoja walihamia kwa Mwalimu, wakacheza na mpira wa matambara. Mimi nikabaki na wa ngozi, peke yangu, kama mlinzi wa duka lisilo na kitu. Mke wangu Syombua, aliyekuwa ameokoka kabla yangu, aliniambia, "Baba Mwende, timu imeshaenda. Unamlinda nani?" Nikaurudisha mpira chini ya kitanda. Nikiutoa, nakufa.

Siku moja mchana Mwalimu akaja nyumbani. Hakufungua Biblia. Aliuliza tu, "Ndugu, unaogopa nini?" Nikamwambia habari ya kithitu. Nilidhani atacheka, mtu wa shule. Hakucheka. Alinyoosha mikono. "Nipe mimi. Kiapo hicho sasa tuko nacho wawili. Kikija, kitukute pamoja. Lakini yuko Mmoja aliyekufa kabla yetu, naye atasimama hapo kati."

Nikampa.

Mvua ya kwanza ikapita. Kabla ya mvua ya pili, Mwalimu akashikwa na homa. Soko lote likanitazama mimi. Nilikwenda kwake, nikakaa kando ya kitanda siku tatu, na hapo ndipo nilipoomba mara ya kwanza maishani. Maneno mazuri sikuwa nayo. Nilisema, "Mungu, huyu usimchukue kwa sababu ya mdomo wangu. Mdomo ni wangu, na mimi mwenyewe sasa ni wako."

Siku ya tatu akafungua macho. "Bado uko hapa? Hii ni malaria tu, bwana. Kesho tunacheza. Nani atachora mistari?"

Nikaenda na majivu yangu, nikachora. Kilonzo akaniona. "Meneja, kumbe hujafa?"

"Bado," nikamwambia. "Simama golini, mstari wako umenyooka."

Mvua ya pili ikanyesha, ikaisha. Mwalimu mzima, mimi mzima. Hofu ilikuwa imenitoka kabla mvua haijaisha, pale kando ya kitanda cha Mwalimu. Nikabatizwa.

Ndugu yangu unayenisikia, kama kuna neno ulilojifunga nalo, usikae nalo peke yako nyumbani. Mpe Yesu. Atalipokea, na wewe utabaki hai.

Leo nina mke mmoja, watoto saba, shamba lenye matuta, ng'ombe wanne, nyumba ya mabati, na lile panga nililofyekea uwanja. Mpira sina.