Adalbert Twagirimana na Tarehe 17 Januari

Tunamlaza leo Papa Adalbert Twagirimana, seremala wa mtaa wa Birere, Goma, aliyezaliwa Rutshuru tarehe 17 Januari 1961, siku aliyouawa Lumumba. Tarehe hiyo ilipofanywa siku ya mapumziko, alijisifu kwamba nchi nzima inafunga kazi kwa ajili yake.

Alisoma shule ya msingi hukohuko Rutshuru, akajifunza useremala misheni, akahamia Goma mwaka 1980. Vitanda vyake vingi bado vinalaliwa.

Tarehe 12 Agosti 1989 alimwoa Mukamugema. Walipata watoto watatu.

Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ililipuka. Lava iliteketeza nyumba na karakana. Mdogo wake Nsengimana, aliyerudi kuchukua randa, hakuonekana tena. Utani wa siku ya kuzaliwa ukaisha. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka: kila mwaka, tarehe hiyo, Adalbert alikaa ndani, mtaani Katoyi walikohamia, na kuwazuia wote kutoka. Mlima ulipolipuka tena Mei 2021, binti yake Nishimwe alimtania, "Papa, mulima ulishabadilisha tarehe." Akajibu kwamba ile ya zamani haikufutwa.

Mwaka jana jiwe liliziba figo yake. Daktari mgeni, aliyekuwa akipasua hata siku za mapumziko, alimpangia Ijumaa, tarehe 17 Januari 2025. Watoto walimsihi. Akasema, "Siku ile miye siendake fasi yoyote. Mwambieni docteur anipe ingine." Mukamugema hakutaka kumbishia mgonjwa. Alipiga simu mwenyewe, wakapewa Jumatatu, tarehe 27.

Tarehe 17 ilipita kimya, kukiwa na mvua kidogo. Adalbert alikula vizuri.

Tarehe 27 waasi waliingia mjini. Risasi zilipita juu ya mabati, barabara zikafungwa, na simu ya daktari haikupatikana. Mfuko wa Adalbert wa kwenda hospitali ulibaki mlangoni. Alifariki nyumbani Alhamisi, tarehe 30, mkewe akiwa amemshika mkono. Mukamugema anasema hajalia bado. Anaosha vyombo, anavipanga, anaviosha tena.

Ameacha mjane, watoto Honoré, Nishimwe na Furaha, na wajukuu wanne. Honoré alipoapa kwamba hatatoka nyumbani tena tarehe 27 Januari, mama yake alimkatiza.

"Hapana. Mukigonjwa, muende hospitali. Siku yoyote."

Mungu ampokee Adalbert na ampe pumziko la amani.